Siku Mjomba Matano Alipovunjika Mguu

Waridi, shoga yangu, hebu sikia hii! Mama kanisimulia sasa hivi alichofanya bibi Mwamvita kule Iringa mwaka 1956.

Mjomba Matano, wakati huo mtoto wa miaka kumi, alivunjwa mguu kwenye mpira wa shule Kihesa. Mfupa ukatoka nje. NJE, Waridi! Bibi akambeba mgongoni mpaka hospitali.

Huko hapakuwa na pa kukanyaga. Lori lilikuwa limepinduka Ilula, majeruhi wamelala mpaka mlangoni. Bibi akamlaza Matano sakafuni, wakangoja.

Mara jamaa mmoja akaja anasukuma watu kwa mabega, akamkanyaga Matano palepale kwenye mfupa. Mtoto alipiga ukelele, ukumbi mzima ukageuka.

Bibi hakuuliza. Alinyakua beseni la bati, akampiga nalo usoni. Akampiga tena. Meno yakadondoka, Waridi, na bado anampiga! "Umemuua mwanangu! Umemuua!"

Yule jamaa hakujikinga hata kidogo. Mikono yote miwili ilikuwa imembeba binti yake mdogo, kalowa damu.

"Nipige, mama," akasema, "lakini nipokelee kwanza huyu mtoto."

Bibi akatupa beseni, akampokea.

Matano alipona. Yule binti alimfia bibi mikononi.