Udongo Juu ya Udongo

Kinyangiri

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa magoti ya bibi yako. Umeuliza kama wewe na watoto wako mpake lipu mpya juu ya ufa wa ukuta.

Enzi za Mwingereza, baba akiwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, tembe letu lilivuja juu ya kihenge cha mtama. Mama alitupandisha paani, mimi na dada yangu, tuongeze udongo juu ya ule wa zamani.

"Mama, boriti inalia," dada alisema.

"Inalia njaa kama wewe! Shindilia!"

Tulicheka, tukashindilia. Mvua ya kwanza iliulowesha udongo, ukawa mzito, na boriti iliyokuwa imeliwa na mchwa ikakatika. Paa lilifukia mtama wetu wote. Tuliokota punje matopeni mpaka zilizobaki zikachipua. Njaa iliyofuata siiandiki.

Bandua kwanza lipu ya zamani, utazame ndani. Mtoto akikuambia anasikia kitu, acha kazi umsikilize.

Mama hakutukemea. Ila mpaka uzeeni alikuwa akimwuliza dada, "Ilikuwa inaliaje?"

Babu yako