Kwa Nini Mama Hatakuja Maskati

Miono,
Wilaya ya Bagamoyo.
12 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Mazin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Hanadi, na kwamba ule mgongo wake umepata nafuu. Mwambie asiinue ndoo wala asishinde amesimama jikoni. Najua ataguna, lakini mwambie amri imetoka kwa wifi yake. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula, analala, na goti lake limetulia.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Nimejaribu kukupigia, lakini kila nikianza Mama huingia chumbani kuuliza naongea na nani, nami nageuza maneno. Kwa hiyo nimeamua kuandika na kumpa Yousuf wa shangazi, anayerudi huko Ijumaa. Ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Duka la marehemu Baba linakwenda kwa kujikongoja. Watu sasa wanafuata bidhaa zao Bagamoyo mjini au Mapinga, ila kwa sukari, chumvi na mafuta ya taa bado wanatukumbuka. Paa la uani nimelibadilisha mabati. Utakapokuja hutalowa tena.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kaka, Mama hatakuja Maskati. Najua umeshamtayarishia chumba, na najua Hanadi anahesabu awe na mama mzima karibu naye atakapojifungua. Nimeona vibaya ukae ukingoja bila kujua sababu.

Unakumbuka nilikwambia kuna kampuni inataka kuweka shamba la umeme wa jua kwenye lile pori la mteremkoni nyuma ya nyumba zetu? Wapimaji walikuja wakachomeka vigingi vyekundu. Kimoja kilikuwa karibu na banda letu la kuku, na kingine katikati ya njia ya kwenda makaburini. Watu wakaanza kuulizana. Uzio ukija tutapita wapi? Kuni tutakata wapi? Wengine walikuwa wakisema vioo vile vitaleta joto hadi mihogo ikauke. Sikuyaamini yote, lakini hofu ilikuwepo, na haikuwa ya bure.

Ukaitishwa mkutano shuleni, kwenye darasa la tano. Sisi watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wetu, alifungua kwa dua, kisha mgeni wa kampuni akaeleza vizuri tu, kwa adabu. Alipomaliza, akatuuliza kama kuna maswali.

Mama akasimama. Unamjua, hana kelele. Akasema, “Mwanangu, umeme hakuna anayeukataa. Lakini pori hilo ndilo linalozuia maji ya masika. Mkishalifyeka lote, maji yatashuka kwetu. Na huo uzio, kwa nini uje mpaka kwenye majiko yetu? Usogezeni nyuma kidogo.”

Yule mgeni alikuwa akiandika, na nadhani angejibu. Lakini Polikarpo aliwahi kusimama.

Ndiyo, Polikarpo huyu huyu jirani yetu, fundi muashi, mume wa Mwalimu Klementina. Yule ambaye Baba alimpa chumba cha uani alipofika hapa kutoka Mahenge akiwa hana hata godoro. Medard wao amemaliza ufundi wa umeme na amekaa nyumbani muda mrefu bila kazi, na kampuni ilikuwa imesema itachukua vijana wa hapa. Polikarpo aliogopa kwamba maswali yakizidi kampuni itakwenda kwingine. Naielewa hofu yake. Maneno yake ndiyo sijayaelewa mpaka leo.

Alisema, “Bi Sabah, usituharibie. Maji yakija, wewe una ndege. Mwanao anakungoja Maskati. Sisi wengine kwetu ni hapa hapa, hatuna pengine. Waachie wenye kwao waamue.”

Kaka, watu wakapiga makofi. Si wote, lakini walikuwa wa kutosha. Nilitaka kusimama nimwambie kwamba Mama amezaliwa kwenye chumba kile kile alichopewa yeye Polikarpo alale, na mama yake Mama amezikwa kwenye makaburi yale yale tunayoyagombania njia. Mama akanishika mkono, akanivuta chini. Akauweka sawa ushungi wake, akasema, “Haya, baba. Nimenyamaza.” Kisha akakaa. Mzee Mwinyijuma aliangalia viatu vyake, na mkutano ukaendelea.

Tulirudi nyumbani. Akapika chai, akawawekea kuku maji, akaswali. Nilidhani yatapita. Siku chache baadaye nikamkuta chumbani amelifungua lile sanduku lake la safari. Alikuwa ameshalijaza, kaka: kanga za kumbebea mtoto, mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, ubani, na kofia ndogo aliyoishona huku akilalamika kuhusu macho yake. Alikuwa anatoa kimoja kimoja, anarudisha kabatini.

“Mwambie kaka yako asikate tiketi,” akasema.

Nikamwambia, “Lakini Mama, si wewe uliyekuwa huna usingizi kwa hamu ya kwenda?”

“Ndiyo. Kabla ya mkutano nilikuwa nakwenda kutembea. Sasa nikienda, watasema nimekwenda kwetu.”

Nilibishana naye. Nilimwambia watu watasahau, na kwamba mjukuu hazaliwi mara mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimenunua vitunguu. Ndivyo alivyo. Hakasiriki wala halii, lakini neno lake hageuzi.

Mwalimu Klementina alikuja wa kwanza. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida yake, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kulia. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba habari za Maskati yeye ndiye aliyempelekea mumewe. Mama alikuwa akimhadithia kila ukipiga simu: “Mazin ananiambia nihamie moja kwa moja, mimi nacheka tu.” Aliyasema kwa raha, kama mzazi yeyote anayejivunia mwana anayemtaka. Nani angejua yatageuzwa fimbo?

Baadaye akamleta Polikarpo mwenyewe. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mama akamkaribisha, akamuandalia wali na samaki wa nazi, na hakumruhusu aseme lolote mpaka amenawa na kula.

Kisha akasema, “Dada yangu, ulimi hauna mfupa. Nilikuwa namwaza Medard tu. Nimekukosea wewe, na nimemkosea marehemu. Nisamehe.”

“Nimekusamehe,” Mama akajibu. “Wallahi, Polikarpo, moyoni sina kitu juu yako.”

Uso wa Polikarpo ukafunguka. “Basi nenda ukamwone mjukuu wako. Nyumba hii nitailinda mimi, kama yangu.”

Mama akamwongezea maji kwenye glasi. “Na wale waliopiga makofi? Utawapitia mlango kwa mlango uwaambie sikwenda kwetu, nimekwenda kutembea?”

Polikarpo akayanywa yale maji, akaomba ruhusa ya kuondoka. Walipoondoka, Mama aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaosha sahani walizolia wageni.

Utataka kujua mradi umefikia wapi. Wiki iliyopita wapimaji walirudi. Wamechora upya: uzio umesogezwa nyuma, njia ya makaburini imeachwa, na kuna ukanda wa miti hautakatwa, kwa ajili ya maji. Kile kigingi cha kwenye banda la kuku wamekingʼoa. Medard amepata kibarua cha kuwabebea vyombo vya kupimia, na akipita hapa Mama humpa chai. Kijiji kizima kina furaha. Ukipita kisimani utasikia, “Tulidai, na wametusikia.” Wanasema tulidai. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuja kumwambia aliyedai.

Mimi sina ugomvi na umeme wa jua, kaka. Huenda ukatufaa, na watoto wa hapa wakasoma kwa taa nzuri. Ninachosikitikia ni kwamba ilikuwa rahisi mno. Miaka yote hiyo ya kukopeshana chumvi, kuzikana na kuozeshana, na neno moja darasani likatosha kumfanya Mama awe mgeni. Sasa hata akitoka kwenda kwa shangazi kule Zinga huaga watu wengi kupita kiasi, na huwaambia siku atakayorudi. Zamani alikuwa anatoka tu.

Nakuomba mambo mawili. Usimpigie simu Polikarpo. Anajuta vya kutosha, na maneno ya mbali huwa makali kuliko yalivyokusudiwa. Na ukizungumza na Mama, usimbembeleze tena ahamie huko. Muulize kuku, muulize goti, muulize mvua. Mwombe akusimulie nyumba ilivyokuwa alipokuwa mdogo. Hilo atakuongelea mpaka salio liishe.

Hanadi namwomba radhi kwa niaba yetu sote. Hakustahili kunyimwa mama wakati kama huu kwa sababu ya mkutano asioujua. Zile kanga, mafuta na ile kofia nimempa Yousuf, pamoja na ubani. Nilipomwomba Mama ruhusa ya kuvituma, alivichukua mkononi mwangu. Alivifunga upya mwenyewe, vizuri zaidi kuliko mimi.

Shangazi wa Zinga anakusalimu sana, pia Mwalimu Klementina, ambaye anasema hajasahau mwandiko wako mbaya. Msalimie Hanadi na jamaa zake wote. Mwenyezi Mungu amjalie ajifungue salama, awape mtoto mwenye afya na heri, na atufikishe sote Ramadhani tukiwa wazima.

Mama anajua nakuandikia, ingawa hajauliza nimeandika nini. Amesimama mlangoni sasa hivi, akanipa salamu zake, nami naziandika kama alivyozitamka: “Mwambie sijamnyima mtoto bibi yake. Bibi anaye, yuko Miono. Akishaweza kukaa mwenyewe, amlete.”

Ni mimi dadako, mwenye kukupenda na kukukumbuka daima,

Wafaa