Mistari Iliyolala

Cape Town, 9 Juni 2012
Mwaka wa arobaini na mbili tangu nivuke mto Mohokare kutoka kwetu Lesotho

Dada yangu Palesa,

Baridi imeingia na magoti yananisumbua. Jana nilijikinga mvua katika duka moja la ajabu, lenye hereni za vifungo, vikombe vyenye masharubu na makoti yaliyoshonwa kwa mablanketi ya kwetu. Nikavaa moja, nikajitazama kiooni muda mrefu, nikafurahi kama bwana harusi.

Mwenye duka, binti wa Kisotho, akaangua kicheko. "Ntate, mzee wangu, kwani wewe Mzulu? Hilo nilikosea kukata, nawauzia watalii tu. Mistari imelala badala ya kusimama!"

Ilikuwa imelala kweli. Unakumbuka baba alivyotukaripia tukijifunika hivyo, akisema tutadumaa? Mimi sikuona, Palesa.

"Mimi ni mtu wa Mafeteng, Msotho kama wewe," nikamwambia.

"Mafeteng ya wapi hiyo, ntate?"

Tukacheka wote wawili, kisha nikalivua.

Uliniandikia kwamba blanketi la baba bado liko sandukuni, linaningoja nije nilivae. Mpe mwanao Lebohang, yeye atalivaa sawasawa. Mimi sirudi tena.

Kaka yako,
Seeiso