Picha za Mama Njiani

Singida, Jumanne

Kaka Deodatus, shikamoo.

Tangu tutoke nyumbani Igogo jua linatuchoma, na mgongo wangu umekufa ganzi kwa kuendesha gari. Baba, ambaye hata ziwa letu hakuwahi kulitazama mara mbili, sasa kila penye mawe anataka tushuke. Pale Mlima Sekenke tulishuka garini. Leo tumeshuka tena hapa kwenye ziwa la chumvi. Daktari wa saratani anamsubiri Dodoma, lakini mzee hana haraka.

Kila tukisimama anampiga mama picha. Leo nikamwambia, "Baba, simameni wote wawili, niwapige mimi."

Akakataa. "Mwache azoee kusimama peke yake."

Mama hakusikia. Alikuwa anajifunga kitenge vizuri, anatabasamu.

Njoo Dodoma, kaka.

Mdogo wako,
Kokulinda