Mama amenyamaza

Shoga, nimemuumiza mama.

Unakumbuka mhariri wa lile jarida alivyokuwa akinirudishia hadithi zangu, kila mara, "Unaandika vizuri, ila sikusikii"? Basi hii ya mwisho niliiandika vile mama anavyoongea. Anavyorudia neno mara tatu, anavyoanza kisa katikati na kukipotezea njiani. Mhariri akasema hatimaye nimepata sauti yangu. Sauti yangu, eti.

Leo jarida limetoka na hadithi hiyo. Nikamsomea mama akiwa anakunja nguo. Nilidhani atacheka.

Akaniuliza taratibu, "Kumbe ndivyo ninavyosikika?"

Nikamwambia, "Mama, watu wa jarida wameipenda."

"Wamependa kunicheka."

Wamependa kunicheka. Na kweli, nilikusudia wacheke.

Baadaye dada akapiga simu. Mama yule yule anayeongea na dada mpaka simu inachemka, leo amejibu "ndiyo" na "hapana" tu, akakata.

Nimemwomba msamaha. Ananiambia, "Hakuna neno, mwanangu." Lakini sasa anapanga maneno kwanza kabla ya kuyatoa, kama mgeni ndani ya nyumba yake.