Kisanduku cha Mama Hilaria na Rozari Iliyovurugika

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA FAMILIA YA MAREHEMU MZEE CORNELIUS, KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 13 JULAI 2025, SEBULENI KWA MAMA, PITO, SUMBAWANGA

WALIOHUDHURIA
Evaristi – Mwenyekiti (mtoto wa kwanza, na hupenda ijulikane)
Mama Hilaria – Mjumbe, mwenye nyumba
Christopha – Mjumbe (kitinda mimba, aliyemnunulia Mama kisanduku cha muziki)
Lucia – Katibu

MWALIKWA
Shija – Jirani

ASIYEHUDHURIA
Jenifer – Yuko Namanyere, kwa udhuru. Alituma ujumbe kwamba anaunga mkono upande wowote utakaokuwa wa Mama.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri kwa sala fupi, baada ya kukagua mwenyewe kwamba kisanduku kimezimwa.

KUMB. NA. 4/2: YALIYOTOKEA SIKU YA JUMUIYA
Mwenyekiti alieleza kwamba Ijumaa iliyopita, akiongoza rozari mbele ya Jumuiya nzima iliyokuja kusali hapa nyumbani, kisanduku kilianza kuporomosha ngoma ya Kisukuma katikati ya tendo la tatu la uchungu. Kila alipopandisha sauti ya sala, nacho kilipandisha yake. Katekista alimtazama kwa namna ambayo hataisahau.

Shija alieleza kwamba mapema siku hiyo alikuja kuomba maji, na Mama akampa maji pamoja na neno la siri la waifai. Jioni, akiwa kwake nyuma ya ukuta, alifungua wimbo kwenye simu, hakusikia kitu, akaongeza sauti. Hakusikia tena, akaongeza. Hakujua kwamba simu yake, ikiwa kwenye waifai ya Mama, inaimbia kwenye kisanduku cha watu. "Nilidhani spika yangu imekufa, kaka. Nisameheni," alisema. Alisamehewa na wote isipokuwa Mwenyekiti, aliyesema atalifikiria.

Mwenyekiti aliuliza nani mwingine ana neno hilo la siri. Mama alijibu kwamba ni kila aliyewahi kunywa uji hapa nyumbani. Katibu anaomba iandikwe kwamba hakucheka.

KUMB. NA. 4/3: FAIDA YA KISANDUKU, KAMA IPO
Mwenyekiti alipendekeza kirudishwe dukani, kwa kuwa nyumba ina redio na kila mtu ana simu.

Christopha alieleza kwamba nyimbo zimo ndani ya kisanduku chenyewe, hivyo hata bando likiisha kinaimba. Kikikaa sebuleni, sauti hutokea kwenye spika ya jikoni au ya chumbani, popote Mama alipo. Na simu za watoto huondoka na watoto. Mwenyekiti alisema hayo ni maneno ya muuza duka.

Mama aliomba nafasi. Alisema: "Redio yenu iko sebuleni, na sebuleni mnakaa nyie mkija. Mimi naishi jikoni. Baba yenu alikuwa akiimba jikoni, anapuliza moto. Tangu aondoke, jikoni kumenyamaza mno. Mkikichukua hicho, mnanirudishia ule ukimya." Mwenyekiti alisema kikao hakiendeshwi kwa huruma, akataka kisanduku kijaribiwe mbele yake.

KUMB. NA. 4/4: MAJARIBIO
Christopha alichagua wimbo wa kuvuna ulezi ambao Mzee alijirekodi mwenyewe kwenye kaseti, zamani, na Christopha akauhamishia kisandukuni. Sauti ya Mzee ilitokea jikoni. Mama alifumba macho.

Katikati ya wimbo Mzee aliacha kuimba, akafoka: "Evaristi! Funga mlango, mbuzi wanaingia kwenye ulezi!"

Mwenyekiti, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, aliinuka, akasema "Ndiyo, baba," akaenda kufunga mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisimama pale akiwa ameshika komeo mpaka wimbo ukaisha.

KUMB. NA. 4/5: MAAZIMIO
Pendekezo la kurudisha kisanduku liliondolewa na mtoa pendekezo mwenyewe.
Ilipendekezwa neno la siri libadilishwe. Mama alipinga, akisema mgeni hanyimwi. Ilikubaliwa kwamba Mwenyekiti atazima kisanduku kila Jumuiya ikija.
Shija amesamehewa rasmi.

KUMB. NA. 4/6: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilipaswa kufungwa saa kumi na nusu. Kilifungwa saa kumi na moja na robo, kwa sababu Mwenyekiti aliomba wimbo urudishwe nyuma kidogo, asikie tena anavyogombezwa. Aliomba hivyo mara nne.

Evaristi (sahihi)
MWENYEKITI

Lucia (sahihi)
KATIBU