Mwanaume Asiyejua Kupangua Gia

Jumapili jioni, Bweri, Musoma. Mawingu yamefunga tangu asubuhi, mvua haikunyesha, na hasira yangu bado haijashuka.

Leo nimempeleka Magesa kwa shangazi yangu Butiama, kila mtu na pikipiki yake. Magesa ni mwanaume wa Bunda aliyetaka kunioa. Baba alishafariki, kwa hiyo Shangazi ndiye wa kumpokea mchumba. Alimpokea vizuri, akamchinjia kuku. Baada ya chakula akajiandaa kuja nami Musoma, maana kesho ana kliniki ya macho.

Mimi nauza dawa za mifugo. Pikipiki yangu inakwendaga Nyegina na Kiriba, maboksi yamejaa nyuma. Lakini Magesa alisimama mbele yetu akasema, "Shangazi apande kwangu. Mwanamke kubeba mtu kwenye mteremko ni hatari."

Mgeni haaibishwi siku ya kwanza. Nikawafuata nyuma.

Mteremko ulipoanza, pikipiki yake ikanyamaza. Amezima injini, ameweka frii bila gia yoyote, anaporomoka kama gunia lililosukumwa. Eti anaokoa mafuta. Taa yake ya breki iliwaka kuanzia juu na haikuzimika.

Mwenye akili huiachia injini kazi ya kumzuia. Unaachia mafuta, unabana klachi, unapangua gia moja kushuka, unaachia klachi taratibu, unasikia pikipiki inajivuta yenyewe. Kama bado inakimbia, unapangua nyingine. Breki unazigusa tu. Hilo halihitaji chuo, linahitaji mtu asiyejiona.

Nikamkaribia ubavuni, nikapaza sauti, "Magesa, washa, weka gia!"

Akanipungia mkono. Alidhani namsalimia.

Chini kule ng'ombe walikuwa wanavuka. Breki zilikuwa zimeshachemka, hazishiki. Ndipo bwana mkubwa akakumbuka kuwa pikipiki ina gia. Akaikanyagia ya kwanza kwa mkupuo, akaachia klachi ghafla. Tairi la nyuma likaganda, pikipiki ikalala ubavu, wote wawili wakatupwa kwenye majani ya kando.

Magesa aliinuka mzima. Akainua pikipiki. Akafuta tanki kwa mkono wa shati. Akachungulia kioo kama kimepasuka.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye majani, helmeti imemshukia machoni, kanga imechanika, ameshika kiwiko. Akasema polepole, "Magesa, mimi niko huku."

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye pale.

Na hakuishia hapo. Nilipokuwa namwinua Shangazi, akaja akaniambia mimi, si yeye, "Shangazi yako hakaagi vizuri. Ameniyumbisha."

Nikawasha pikipiki yangu. Shangazi akapanda kwangu. Kipande cha mteremko kilichobaki nilikianza na gia ya pili, injini ikanguruma na kutushusha polepole. Magesa akabaki nyuma akinyoosha usukani.

Tulipofika tambarare Shangazi akanisogelea sikioni. "Mimi pale nyumbani nilishamkubali. Sasa wewe mwenyewe unasemaje?"

"Shangazi, umeumia."

"Mkono utapona. Nakuuliza habari ya kuishi naye."

Niandike ukweli. Nilimtaka. Umri umekwenda, akina mama wa jumuiya wameshachoka kuniombea, nami nilishaanza kuulizia bei za vitambaa vya sare za harusi. Mtu mrefu, ana pikipiki mpya, anaongea kwa sauti nzito. Nilijiona nimepata.

Nimepata nini?

Jioni hii amepiga simu. Hakuuliza habari ya kiwiko. Ameniomba nisiwasimulie watu wa Bunda, maana wataona hajui kuendesha.

Nikamwambia, "Hujui. Na kwa Shangazi usirudi."

Alitangulia yeye kukata simu. Hata hilo nimelidharau.

Najiuliza jambo moja tu: miezi yote ile, nilikuwa namtazama nani? Shangazi yuko sebuleni, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Amesikia kila neno. Amesogea tu kwenye kochi, nipate pa kukaa.